Daftari la Ovila

Kila Juni Ovila hujaza chupa ya kioo
vichwa vya samaki na matumbo yake,
huipandisha juu ya paa la banda la kuni, jua liipike.
Kifuniko hakikazwi.
Mwaka aliokikaza, chupa ilipasuka usiku kama bunduki
na mbwa wetu Kapteni hakuonekana siku tatu.

Miaka ishirini na miwili namvulia mume wangu nguo barazani.
Suruali haivuki kizingiti, ndiyo sheria yangu.
Januari huganda ikasimama wima yenyewe,
kama mgeni aonaye haya kupiga hodi.
Kanisani benchi letu ni letu peke yetu.
Padri Donat hutubariki kwa mbali.

Mwaka huu mti ulimwangukia goti,
na deni la dukani halijui goti.
Nikafungua daftari lake, mwandiko wa kuku:

Tezi za biva, mbili, zikauke juu ya jiko
hadi zikatike kama tumbaku.
Mafuta ya paani, kijiko.
Mkojo wa mbweha jike, wa Februari, si wa mwezi mwingine.
Gliserini, isigande.
Kisha tone moja la

na hapo panya wameutafuna ukurasa.

Tone la nini, Ovila?
Akageukia ukuta. "Kitu kitamu. Nimesahau."
Mtu anayekumbuka kila kijito cha Abitibi,
kila tawi alilowahi kufungia waya!

Nikajaribu nanaa. Nikajaribu asali.
Nikajaribu sharubati ya mti, ile ya kulia mkate.
Nyayo zilikuja hadi hatua mbili za mtego,
zikasimama, zikanusa, zikapita zake
kama wateja waliosikia bei.

Usiku wa tano jino likaniamsha.
Nikapapasa kabatini, nikatoa kichupa cha mafuta ya karafuu,
nikang'oa kizibo
na shavu langu lililovimba likasahau kuuma.

Ndiyo hii.
Hii ndiyo iliyokuwa chini ya uvundo wote ule,
barazani, miaka yote, nami sikuijua,
maana nani huvuta pumzi mara mbili mbele ya suruali ile?
Na majira yale kichupa kilipokauka
nilimshtaki wifi yangu Exilda, jikoni kwake, mbele ya watoto.
Krismasi mbili hatukusemezana.
Ovila alikuwapo. Alikuwa anakula supu.

Nilichemsha glavu kwa magome ya msonobari, zisahau mkono wangu.
Nikachovya kijiti,
nikakichomeka kwenye ufa wa gogo, upande utokao upepo,
nikaondoka kwa kurudia nyayo zangu.
Harufu ilibaki nyuma yangu kama neno lililosemwa chini chini.

Siku ya tatu alikuwapo, mwekundu juu ya theluji,
akinitazama bila kuniuliza chochote.
Sitalipamba. Nilifanya afanyavyo Ovila, upesi,
mikono ikitetemeka, si kwa baridi tu.
Kisha nikakaa juu ya gogo kitambo.
Puani pake palikuwa na karafuu.

Nilifika giza limeshika.
Barazani nikafungua sketi, sheria ni sheria,
nikaisimamisha kando ya suruali yake ya mwaka jana
iliyokuwa bado msumarini.
Nikaingia na shimizi, meno yakigongana,
mbweha begani.

Kutoka kitandani, gizani, nikasikia pua yake ikifanya kazi.
Mara moja. Mara ya pili.
"Umezidisha karafuu," akasema.

Nikaweka kuni jikoni, nikaketi kuyayusha vidole.
"Kalamu iko mezani," nikamwambia.
"Barua ya Exilda utaiandika wewe."